Bendi Ile Ile Ipande Mwisho Tena? Ubishi wa Mashabiki na Haki ya Mwanamuziki

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hupita Kibiti na Ikwiriri, huvuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970, na baada ya mwendo usio mrefu hufika Nyamwage, pale inapochepuka barabara ya kwenda Utete. Tangu daraja hilo lilipofunguliwa mwaka 2003, na wasafiri wakaachana na kivuko cha Ndundu, barabara hii imekuwa pia njia ya muziki. Malori yanayobeba majukwaa, spika na taa hupita hapa kuelekea kusini, kama yalivyopita Novemba 2018 wakati Wasafi Festival ilipozinduliwa Mtwara. Nyamwage yenyewe haiko katika orodha ya miji ya matamasha. Hata hivyo ubishi hauhitaji jukwaa. Kijiwe cha bodaboda chatosha, na redio, na mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri ya nyimbo za zamani akutane na kijana asiyezitaka.

Wapendwa wasomaji, swali linalobishaniwa ni jepesi kulitamka. Tamasha linapotangazwa, au sikukuu inapokaribia, na jina lililo juu kabisa ya bango likawa lile lile la mwaka jana na la mwaka juzi, je, ni haki? Bendi inayopendwa ipewe tena saa ya mwisho, ile saa ambayo uwanja umejaa na hakuna anayetazama simu yake, au iwapishe wengine? Wapo wanaosema anayependwa na wengi ndiye anayestahili. Wapo wanaosema mapenzi hayo ni mazoea tu, na kwamba kijana hawezi kupendwa kama hapewi nafasi ya kusikika. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinasema kweli kwa sehemu, na pande zote mbili zinaruka jambo lililo zito zaidi.

Ubishi huu kwetu una historia. Katika miongo ya mwanzo ya karne iliyopita vyama vya beni viligawanya miji ya pwani na bara katika kambi mbili, Marini na Arinoti, kila upande na sare zake, vyeo vyake na nyimbo za kuwasuta wenzao. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya mashindano hayo mwaka 1975. Kambi hizo zilipofifia, hamu ya kuwa na upande haikufifia. Muziki wa dansi ulipostawi Dar es Salaam, kambi zilirudi kwa majina mapya, na majina hayo mawili bado yanaamsha watu wazima vitini: Msondo na Sikinde.

Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Kila chama hicho kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Sikinde ni Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978 na baadaye kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC Mlimani Park. Majina haya ya utani hayakutoka mbali na sisi. Msondo na sikinde ni ngoma za Wazaramo, jirani zetu wa upande wa kaskazini, na neno msondo halimshangazi mama yeyote wa Rufiji aliyewahi kumtoa binti yake unyagoni. Mtu wa Nyamwage aliyeishabikia bendi ya mjini alikuwa anaishabikia ngoma ya nyumbani iliyovaa gitaa na tarumbeta.

Kwa miaka mingi bendi hizi mbili zimekuwa zikikutanishwa katika ukumbi mmoja siku za Krismasi, Pasaka na Idi, zikipokezana jukwaa, na mashabiki wakihesabu kila kosa la mwenzao. Na kila mara ubishi ule ule huzuka. Kwa nini hizi hizi? Nani apande mwisho? Kwa nini bendi changa zisialikwe? Majibu ya waandaaji hayafichi kitu: majina haya ndiyo yanayojaza ukumbi.

Hapa pana jambo ambalo shabiki aliyekasirika husahau. Waimbaji wa kambi hizi mbili walikuwa watu wale wale. Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Masaki, Kisarawe, katika mkoa wetu huu wa Pwani, alikuwa NUTA Jazz tangu siku za mwanzo. Mwaka 1978 aliondoka pamoja na wenzake kuijenga Mlimani Park. Mwaka 1985 akaondoka tena na kundi la wenzake kwenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo na kumalizia huko safari yake. Hassan Rehani Bichuka naye alipita njia zinazofanana na hizo kabla ya kurudi Sikinde. Kwa hiyo shabiki aliyeapa kutokanyaga ukumbi wa wapinzani alikuwa akiisikia sauti ile ile aliyoipenda, ila kutoka upande wa pili. Jina lilibaki mahali pake, watu ndio waliohama.

Na kwa nini walihama? Wengine kwa ugomvi, wengine kwa kupenda mabadiliko. Lakini sababu iliyorudi mara kwa mara ilikuwa ujira. Mwanamuziki wa bendi ya chama au ya shirika alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi, na alipotokea mwenye ukumbi aliyeahidi zaidi, alikwenda. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam na kupigwa nchi nzima, mpaka vijiji vya delta ambako gari halifiki. Kaseti zilipoenea, zilinakiliwa madukani na kuuzwa bila mtunzi kupata senti. Jina la bendi likazidi kukua kila mwaka. Mfuko wa aliyeimba haukukua nalo.

Mwaka 2013 Gurumo alitangaza kustaafu baada ya zaidi ya miaka 50 ya muziki, na ikafahamika kwamba mzee huyo, ambaye sauti yake karibu kila Mtanzania mtu mzima anaijua, hakuwahi kumiliki gari. Diamond Platnumz, msanii wa kizazi kingine kabisa, alimzawadia gari mbele ya kamera. Watu walishangilia, nami sioni sababu ya kulibeza tendo lile, lilikuwa jema. Gurumo alifariki Aprili 2014 na kuzikwa kwao Masaki. Lakini tendo jema la mtu mmoja linapotufurahisha kiasi kile, yafaa kujiuliza ni deni la nani lililokuwa likilipwa siku ile. Kumbi zilijaa kwa miongo mitano. Viingilio vilikusanywa mlangoni kila wiki. Waliokuwa wakidai bendi ipande mwisho tena, na waliokuwa wakidai ipumzishwe, hawakuwahi kubishania malipo ya anayeimba.

Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha suala. Kulirudisha jina juu ya bango si sawa na kumrudishia mwanamuziki haki yake. Jina linaweza kufunga tamasha miaka 20 mfululizo huku wanaolibeba wakizeeka, wakiugua na kufa, na nafasi zao zikijazwa na wengine ambao shabiki hata hajui wanaitwaje. TX Moshi William, mmoja wa waimbaji waliopendwa sana katika Msondo, alifariki mwaka 2006. Bendi iliendelea, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila mwandaaji anayeuza tiketi kwa jina la Msondo huuza pia sauti za marehemu, na sheria nzuri ingepaswa kukumbuka kwamba marehemu hao waliacha wajane na watoto.

Sheria ipo, tena si mpya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, nayo ndiyo iliyoweka chombo cha kuisimamia, COSOTA. Utekelezaji umekwenda kwa kuchechemea. Januari 2022 ziligawanywa kwa wasanii zaidi ya elfu moja mirabaha ya jumla ya shilingi milioni 312 kwa kazi zilizopigwa redioni na katika televisheni. Gawanya mwenyewe, msomaji, upate wastani wake: haufiki shilingi laki tatu na nusu kwa mtu. Ni mwanzo, na mwanzo wowote ni bora kuliko miaka ya mikono mitupu. Lakini kwa bendi yenye wapigaji 12 au 15, fedha hiyo ikigawanywa tena haitoshi hata nauli za kwenda mazoezini kwa muda mrefu.

Idadi hiyo ya wapigaji inatuleta kwenye hoja ya vijana, ambayo isipuuzwe. Vijana wanasema bendi za zamani zinakula nafasi. Kwa matamasha makubwa ya siku hizi hali ni kinyume. Msanii mmoja mwenye muziki uliorekodiwa na wacheza shoo wanne husafirishwa kwa gharama ndogo. Bendi kamili huhitaji basi zima, vyumba vya kulala, chakula, na saa nyingi za kupima vyombo. Mwandaaji anayehesabu kila shilingi huiacha bendi nyumbani, na akiialika basi huialika kwa ajili ya jina, ili wazee nao waje. Ndiyo maana kinyang'anyiro cha kweli kimebaki katika kumbi na sikukuu, na katika matamasha machache yanayotaka muziki upigwe kwa vyombo mubashara.

Sauti za Busara ya Zanzibar ni mojawapo ya hayo machache. Tangu lilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, tamasha hilo limesimamia kanuni ya muziki wa vyombo, na wasanii huchujwa kutokana na maombi yaliyo mengi kuliko nafasi. Hata huko swali la marudio limekuwepo. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipanda jukwaa la Ngome Kongwe mara nyingi mno, na sikumbuki mtu aliyelalamika kwa sauti kubwa. Nadhani sababu ni kwamba kila aliyemtazama alijua hakuna mwingine awezaye kukaa pale alipokaa yeye. Basi marudio yenyewe si dhambi. Mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha, jambo linalotukumbusha kwamba mwandaaji naye hana mfuko usio na kitako, na anapolirudia jina linalouzika huenda anaokoa siku tatu za ajira za mamia ya watu.

Lipo pia swali la pili linalochanganywa na hili: je, msanii aliyekosea arudishwe jukwaani? Desemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa liliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny kwa kuimba Mwanza, katika Wasafi Festival, wimbo ambao lilikuwa limekwisha kuupiga marufuku kwa sababu za maadili. Wawili hao waliomba radhi hadharani, na Januari 2019 wakaruhusiwa kurudi. Mashabiki waligawanyika vikali. Mbele ya mafundisho ya imani yetu shauri hili si gumu sana: kosa lilitajwa, radhi ikaombwa, adhabu ikakoma. Mwenye kuendelea kumhukumu aliyekwisha kuadhibiwa atafute sababu nyingine. Swali la bendi ile ile ni gumu zaidi kwa kuwa hakuna kosa lililotendwa na yeyote anayeonekana.

Kwa waamini wa Rufiji na Kibiti, jambo hili si la mbali kama linavyoweza kudhaniwa. Sisi ni wachache katikati ya ndugu zetu Waislamu, na usiku wa muziki wa Idi au wa Krismasi ni miongoni mwa nyakati ambazo kijiji hukusanyika bila kuulizana dini. Wakazi wa hapa wanajua thamani ya usiku kama huo. Mwezi Mei 2017, wakati wa mauaji yaliyoitikisa Kibiti, polisi walikataza bodaboda kuanzia saa 12 jioni hadi alfajiri katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, na vijiji vikalala mapema kwa hofu. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba, na mwaka ule wengi hawakuwa na mavuno ya kusherehekea. Watu waliopitia hayo hawauchukulii mkusanyiko wa furaha kuwa upuuzi. Wala Kanisa haliuchukulii hivyo: Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes, walizungumza kwa heshima juu ya muda wa mapumziko na utamaduni kama sehemu ya kukua kwa mwanadamu.

Korosho na ufuta zinapouzwa vizuri, sherehe za unyago na harusi hufuatana, na mwenye sherehe huamua nani apige. Siku hizi mara nyingi hukodishwa spika na kijana wa singeli, na wazee wa ngoma hualikwa, kama wakialikwa, saa za jioni kabla watu hawajafika. Hapo ubishi wetu umegeuka juu chini: wakongwe ndio wanaoomba nafasi. Na malipo? Wa spika hulipwa kwa makubaliano, tena nusu kabla ya kuwasha mashine. Wa ngoma hupewa wali na chochote watakachotunzwa na wacheza ngoma. Sijui kwa nini tunaona jambo hili kuwa la kawaida.

Parokiani pia hatuko salama. Zipo kwaya ambazo kwa miaka mingi zimeimba Misa kuu ya kila sherehe, iwe daraja, jubilei au ziara ya Askofu, na zipo kwaya za vigango ambazo hufunga safari ya kutwa ili kuimba wimbo mmoja wakati watu wanatawanyika kwenda kula. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 haiijui kwaya ya kufunga jukwaa; inaijua kwaya inayolisaidia Taifa la Mungu kushiriki. Kamati ya Liturujia inayoipangia kwaya ya kigango zaburi ya Misa kuu haiidhalilishi kwaya kubwa. Tena mwalimu wa kwaya ya kigango, ambaye mara nyingi hujitolea na kununua mwenyewe betri za kinanda, ana haki ya kuulizwa alikujaje na atarudije.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba ujira wa haki ndicho kipimo cha kutambua kama mfumo mzima wa uchumi ni wa haki. Miaka 18 baadaye, sikukuu ya Pasaka ya 1999, aliwaandikia wasanii barua akiwatambua kuwa watu wenye wito. Kwa kawaida husomwa mbalimbali, moja semina za wafanyakazi na nyingine semina za kwaya. Zikisomwa pamoja zinatuambia kwamba mpiga tarumbeta ni mfanyakazi kama alivyo dereva wa lori lililobeba jukwaa lake, na kwamba kumpenda kwa makofi huku tukimdhulumu kwa malipo ni kosa lile lile ambalo Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya barua yake, alilikemea kwa wenye mashamba waliozuia ujira wa wavunaji.

Basi bendi irudi au isirudi? Maoni yangu ni kwamba irudi, kwa masharti. Saa ya mwisho ipokezanwe: mwaka huu wakongwe, mwaka ujao kundi changa linalopiga vyombo, na wakongwe wapande kabla yake wakiwa bado na nguvu na uwanja ukiwa umejaa. Ndani ya bendi yenyewe waketishwe vijana wa kujifunza, kwa sababu wapuliza tarumbeta na saksafoni wanazidi kupungua na shule za kuwafundisha ni chache. Mwaka 2019 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi cha Zanzibar kilitangaza kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Mkataba uandikwe kwa jina la kila mpigaji, si kwa jina la bendi pekee, ili aliyesimama nyuma na ngoma ajue haki yake bila kumsubiri kiongozi arudi na bahasha. Mtunzi aliyefariki akumbukwe kwa mirabaha inayowafikia warithi wake. Nayo majina yaandikwe kwenye bango, yote 12 au 15, hata kama ni kwa herufi ndogo.

Shabiki ana kazi yake katika hili, na haimgharimu kuacha upande wake. Anayeidai Sikinde aendelee kuidai, anayeidai Msondo vivyo hivyo, na kijana wa Nyamwage anayetaka singeli mpaka kunakucha asionewe haya. Wakati wa kununua tiketi, au wakati wa kikao cha sherehe pale linapofika fungu la muziki, aulize mpigaji atapata kiasi gani na lini. Mwenye tamasha asiyeweza kujibu swali hilo asipewe fedha kabla hajalijibu. Mwenye unyago au harusi kule njia ya Utete, aliyekwisha kumtengea wa spika nusu ya malipo, anaweza mwaka huu huu kuwatengea wazee wa ngoma nusu yao pia, kabla hawajaanza kukaza ngozi motoni.